Mzaha Uliovuka Ukingo: Mashabiki wa Magic na Ugomvi wa Unfinity

Mwishoni mwa mwaka 2021, miezi mingi kabla karata zenyewe hazijafika madukani, wapenzi wa mchezo wa Magic: The Gathering walikuwa wameshagawanyika kuhusu toleo la vichekesho lililopewa jina la Unfinity. Mtu aliyewasikia kwa mbali angedhani wanabishana kama vichekesho hivyo vinachekesha au la, kumbe hilo halikuwa na ubishi mkubwa. Toleo lilipangwa litoke tarehe 1 Aprili 2022, siku ya wajinga, likiwa na mandhari ya bustani ya burudani inayosafiri angani, yenye wanasarakasi, roboti na majini ya kila namna, na wengi walikubali kwamba kazi ya wachoraji ilikuwa nzuri. Kilichowasha moto ni sharti moja la kitaalamu. Kwa mara ya kwanza tangu matoleo ya mzaha yaanze, karata zake zote zingechapwa kwa ukingo mweusi, kama karata za kawaida, na sehemu kubwa yake kuwa halali katika mifumo mitatu ya mchezo, yaani Commander, Legacy na Vintage.

Asiyeujua mchezo huu anahitaji kuelezwa mambo machache. Magic ulibuniwa na Mmarekani Richard Garfield, msomi wa hisabati, ukaanza kuuzwa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast yenye makao yake Renton, katika jimbo la Washington. Tangu 1999 kampuni hiyo ni mali ya Hasbro. Kila mchezaji huja mezani na fungu lake, alilolipanga mwenyewe kutokana na karata alizonunua, alizobadilishana na wenzake au alizozipata ndani ya pakiti zilizofungwa, ambamo anaweza kuokota turufu ya bei mbaya au kulamba garasa. Karata tofauti zilizokwisha kuchapwa zimepita elfu ishirini, na si zote zinazoruhusiwa kila mahali. Mfumo wa Standard hupokea matoleo ya karibuni tu. Legacy na Vintage hupokea karibu kila kitu tangu 1993, isipokuwa karata zilizopigwa marufuku. Commander, ambao kwa kawaida huchezwa na watu wanne wenye mafungu ya karata mia moja, ndio ulioenea zaidi majumbani na madukani, na kanuni zake hutegemea sana maafikiano ya waliokaa mezani.

Ukingo wa rangi ya fedha ulizaliwa Agosti 1998 pamoja na Unglued, toleo la kwanza la mzaha, lililobuniwa na Mark Rosewater, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunifu mkuu wa mchezo mzima. Karata za kawaida wakati huo zilikuwa na ukingo mweusi au mweupe, na ukingo wa fedha ulimwarifu mchezaji, kwa kutupa jicho tu, kwamba karata hii haiingii mashindanoni. Ndani ya mpaka huo wabunifu walijiachia watakavyo. Ashnod's Coupon ilimpa mwenye nayo haki ya kumtuma mchezaji mwingine amletee kinywaji, na baadaye ikabidi utolewe ufafanuzi kwamba gharama ya kinywaji ni juu ya aliyetuma. B.F.M. lilikuwa dubwana kubwa mno hata likahitaji karata mbili, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, na mchezaji asiyekuwa na zote mbili mkononi hakuweza kulitoa. Chaos Confetti ilikuamuru uichane karata yenyewe vipande vipande, usimame umbali usiopungua futi tano, uvirushe vipande hivyo mezani, na kila karata iliyoguswa na kipande iangamie. Umeinunua kwa pesa zako, umeitumia mara moja, imekwisha. Hakuna aliyetaka jambo kama hilo liruhusiwe katika mashindano yenye zawadi, na sehemu kubwa ya raha yake ilitokana na kutoruhusiwa huko.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kufundishwa mantiki hii. Mtani anaweza kuingia msibani akaizuia maiti isitolewe mpaka alipwe chochote, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kugomba, na wafiwa wakacheka huku machozi hayajakauka. Asiye mtani akithubutu kufanya hivyo hivyo, atatolewa kwa kusukumwa. Maneno na vitendo ni vile vile, ila kwa watani pande zote mbili zilishajua zimesimama wapi kabla mzaha haujaanza. Ukingo wa fedha ulifanya kazi hiyo mezani kwa zaidi ya miaka ishirini, na asiyetaka kutaniwa aliuona mapema na kusema hapana.

Kwamba mzaha unaweza kugeuka adha hata ndani ya ukingo, hilo lilionekana katika toleo la pili, Unhinged, la Novemba 2004. Lilikuwa na mambo mazuri: viumbe wenye nguvu za nusu, kama Little Girl, karata zilizojali jina la mchoraji, na Cheatyface, ambayo uliruhusiwa kuipenyeza mezani mwenzako akiwa ameangalia pembeni, na asipokukamata papo hapo inabaki. Lakini lilikuwa pia na kanuni iliyoitwa Gotcha. Karata yenye kanuni hiyo ikiwa imelala kwenye rundo la zilizokwisha kutumika, mwenyewe aliweza kuirudisha mkononi pindi mpinzani wake atakapofanya kosa fulani dogo: kutamka neno lililotajwa, kugusa uso wake, na katika karata moja yenye picha ya fisi, kucheka. Matokeo yake yalikuwa rahisi kubashiri. Njia ya uhakika ya kujilinda ikawa kukaa kimya kama aliyeitwa mbele ya hakimu, mikono ikiwa mezani, bila tabasamu. Toleo lililotengenezwa ili watu wacheke liliwapa sababu nzuri ya kutocheka, na Rosewater mwenyewe amekiri zaidi ya mara moja kwamba Gotcha ilikuwa kosa la ubunifu.

Nimeieleza Gotcha kwa kirefu kwa sababu moja. Ubaya wake haukuwa uchafu wala upuuzi. Unhinged ilikuwa na karata za kipuuzi kuliko hizo na watu wakazipenda. Ubaya wake ulikuwa kwamba mzaha wa mmoja ulimfunga mwingine, ukamlazimisha abadili namna anavyokaa, anavyozungumza na anavyocheka ili asipoteze mchezo. Mzaha wa hiari ulifanywa wa lazima. Ukilishika jambo hilo, ugomvi wa Unfinity unasomeka tofauti kabisa na jinsi ulivyosimuliwa wakati ule, yaani kama vita baina ya wanaojua kucheka na wasiojua.

Tuanze na hoja ya kampuni, kwa kuwa ilikuwa hoja nzito kuliko wapinzani wake walivyotaka kukubali. Baada ya Unhinged ilipita miaka kumi na mitatu bila toleo jingine la aina hiyo, mpaka Unstable ilipotoka Desemba 2017 na kupendwa sana. Wakati huo ilikuwa imeshadhihirika kwamba ukingo wa fedha umefunika vitu viwili tofauti. Kimoja ni karata ambazo kanuni rasmi haziwezi kabisa kuzibeba, kama ile ya kuchana vipande au ile ya kumtuma mtu kinywaji. Kingine ni karata ambazo kanuni zingezibeba bila taabu, ila zimevikwa jina la kuchekesha na picha ya kuchekesha. Hizi za pili zilikuwa zinanyimwa nafasi kwa sababu ya sura tu. Isitoshe, mambo kadhaa yaliyoanza kama mzaha yalikwisha kuhamia kwenye mchezo wa kawaida na hakuna aliyelalamika. Karata maalumu za kuwakilisha viumbe wa muda zilianzia Unglued, na leo ni kitu cha kila pakiti. Karata za ardhi, zile za kuzalishia nishati ya mchezo, zenye picha inayojaza karata nzima zilianzia huko huko, zikarudi kwa kishindo katika toleo la Zendikar la 2009. Karata mbili ndani ya karata moja, zilizotoka mwaka 2000 katika Invasion, zilibuniwa kwa ajili ya toleo la pili la Unglued ambalo halikuwahi kutoka. Hata urushaji wa dadu, uliohesabiwa kwa miaka mingi kuwa jambo la toleo la mzaha, uliingia kwenye toleo la kawaida la Julai 2021, lile lililotokana na mchezo wa Dungeons & Dragons. Mtu aliyesema mwishoni mwa 2021 kwamba mpaka kati ya mzaha na mchezo halisi ni mtakatifu alikuwa amesahau mangapi yalishauvuka.

Basi Rosewater na wenzake wakaamua kuufuta ukingo wa fedha kwa karata mpya. Unfinity yote ingekuwa na ukingo mweusi. Karata zisizobebeka na kanuni zingewekewa chini, kwenye sehemu ya muhuri, alama ya tunda la mwaloni, chakula cha kindi, kwa kuwa kindi ni mnyama anayependwa sana na mashabiki wa matoleo haya. Zisizo na alama hiyo zingekuwa halali katika mifumo inayopokea kila kitu.

Kundi la kwanza lililoshangilia lilikuwa la wachezaji wa Commander waliokuwa na karata za fedha kwenye makabati na kila walipozitoa wakaambiwa warudishe. Hawa walikuwa na kinyongo cha muda mrefu. Unstable ilipotoka, kamati iliyosimamia kanuni za Commander ilizifungulia mlango karata za fedha kwa wiki chache, hadi tarehe 15 Januari 2018, kisha ikaufunga. Walionjeshwa, wakanyang'anywa. Kwa nadharia mtu angeweza kuomba ruhusa mezani, na wapo walioomba wakapewa. Kwa vitendo, ukikaa na watu watatu usiowajua katika duka, ni nani anataka kuanza jioni kwa kusihi? Tangazo la 2021 liliwaondolea fedheha hiyo, na furaha yao ilikuwa ya kweli.

Kundi la pili, la wachezaji wa Legacy na Vintage, ndilo lililopewa jina la watu wasiojua kucheka, na nadhani lilionewa. Hoja yao ya msingi, ukiondoa matusi yaliyoizunguka, ilikuwa hii: katika mashindano, karata iliyo halali na yenye nguvu ni karata ya lazima. Mchezaji wa Commander anaweza kusema karata fulani haimpendezi na akaiacha. Mchezaji wa Legacy, aliyewekeza maelfu ya dola katika fungu lake na anayesafiri kwenda kushindana, hana anasa hiyo. Karata ikimwongezea nafasi ya kushinda, ataitumia hata kama inamkera, na asipoitumia yeye ataitumia mpinzani wake. Kwa mtu huyo halali si ruhusa. Ni amri inayokuja kwa upole. Hapo Gotcha inarudi kwa mlango mwingine, kwa maana mtu ambaye hakuomba kutaniwa analazimika kuupanga mchezo wake wote kuzunguka mzaha wa mwingine.

Walikuwapo pia, ingawa wachache, waliosikitika kwa sababu ya kinyume kabisa. Hawa waliupenda ukingo wa fedha wenyewe. Waliona kwamba uhuru wa mbunifu hupungua pale kila karata anayoifikiria inapobidi ipite kwanza kwenye swali la kama itakuwa halali, na kwamba toleo lenye nusu halali na nusu haramu litasukumwa lielekee kwenye nusu inayouzika. Walilalamika vilevile kuhusu jambo dogo la macho ambalo kwangu ni kubwa: ukingo wa fedha unaonekana kutoka upande wa pili wa meza, na alama ya tunda inahitaji uinamishe kichwa. Ishara ya kumlinda asiyetaka ilikuwa imefichwa mahali ambapo asiyetaka hawezi kuiona mpaka karata imeshatua.

Shaka iliyoyafunika makundi yote, hata lile lililoshangilia, ilikuwa juu ya nia ya kampuni, na ili kuielewa ni lazima turudi nyuma mwaka mmoja. Oktoba 2020 Wizards of the Coast waliuza kwa muda mfupi karata za wahusika wa tamthilia ya televisheni ya The Walking Dead. Zilikuwa na uwezo mpya usiopatikana katika karata nyingine, zilikuwa na ukingo mweusi, na zilikuwa halali katika mifumo ile ile mitatu. Upinzani ulikuwa mkali, na ombi lililorudiwa kuliko yote lilikuwa kwamba karata hizo zingepewa ukingo wa fedha. Ombi hilo lilikuwa na mfano wa kuegemea. Mwaka 2017 karata ya Grimlock, roboti wa Transformers, ilitolewa kwa ukingo wa fedha, na mwaka 2019 karata za farasi wadogo wa My Little Pony, zilizouzwa kwa ajili ya hisani, zilitolewa hivyo hivyo. Wote walioguswa waliridhika, maana aliyependa farasi alinunua farasi, na asiyewapenda hakukutana nao mashindanoni. Kwa hiyo mashabiki wa 2020 walikuwa wamegundua, pengine bila kukusudia, kwamba ukingo wa fedha una kazi kubwa kuliko mzaha. Ulikuwa uzio wa ridhaa. Walipouomba hawakupewa, na mwaka uliofuata wakaambiwa kwamba uzio wenyewe unang'olewa. Mtu aliyekuwa ameyafuata mambo hayo mawili kwa mfululizo angekuwa na moyo mweupe sana kuamini kwamba hayahusiani. Mimi naamini maelezo ya Rosewater kuhusu karata zilizonyimwa nafasi. Naamini pia kwamba kampuni yenye mpango wa kuleta wahusika wa kila tamthilia na mchezo wa kompyuta ndani ya karata zake ilikuwa na kila sababu ya kutotaka pawepo rangi ambayo wateja wanaweza kuidai.

Unfinity haikutoka Aprili. Iliahirishwa, ikatoka tarehe 7 Oktoba 2022, na siku tatu kabla yake, tarehe 4, kampuni hiyo hiyo ilitangaza toleo la kuadhimisha miaka thelathini ya mchezo: pakiti nne, karata sitini kwa jumla, kwa bei ya dola 999. Zilikuwa nakala za karata za mwanzo za 1993, zikiwa na mgongo tofauti, na hazikuruhusiwa katika mashindano yoyote. Sidhani mwandishi wa vichekesho angethubutu kupanga tarehe namna hiyo. Katika wiki moja, mteja aliambiwa kwamba karata zenye wanasarakasi na mbwa wa angani ni za mchezo halisi, na karata zenye majina yanayoheshimiwa kuliko yote, zinazouzwa kwa bei ya pikipiki iliyotumika, si za mchezo halisi. Hasira ilihamia huko kwa haraka, na hilo liliinyima Unfinity hata ugomvi iliokuwa imeuandaa. Mashabiki waliokuwa na miezi kumi na zaidi ya kujiandaa kupambana na vichekesho walijikuta wakipambana na kitu ambacho hakikukusudiwa kuchekesha.

Karata zenyewe zilipofunguliwa, hofu kubwa ya waliopinga, yaani kwamba sura za kipuuzi zitaharibu hadhi ya michuano, haikutimia. Saw in Half, karata ya mwanamazingaombwe anayemkata kiumbe katikati, ikapatikana kuwa karata safi kabisa: unamwangamiza kiumbe, na mwenyewe anapata nakala zake mbili zenye nusu ya nguvu. Iliingia katika mafungu ya Commander ikakaa humo bila kelele, na leo wapo wanaoitumia bila kujua kwamba ilitoka kwenye toleo la mzaha. Hiyo ndiyo aina ya karata aliyokuwa akiitetea Rosewater, na juu yake alikuwa sahihi.

Taabu ilitoka upande ambao ni wachache waliuangalia. Unfinity ilileta vifaa viwili vipya. Kimoja ni vivutio vya bustani, fungu la pili la karata linalokaa pembeni, ambalo katika mchezo wa kujipangia fungu lazima liwe na karata zisizopungua kumi zenye majina tofauti. Kila zamu mwenye navyo hurusha dadu kuona ni kivutio kipi anachokitembelea. Kingine ni stika. Mchezaji huja na kurasa za stika zisizopungua kumi, tatu kati yake huchaguliwa kwa bahati kabla ya mchezo, kisha wakati wa mchezo hubandua jina, picha au uwezo na kuubandika juu ya karata. Mashabiki waliposikia habari za stika walicheka au walinung'unika kuhusu gundi na kuharibika kwa karata. Ilikuwa hofu ya watunza makumbusho, na ilikosa shabaha.

Shabaha ilikuwa karata ya Goblin mmoja, kijizimwi cha hadithi, ambaye jina lake lina mstari mtupu kama fomu isiyojazwa. Gharama yake ni mana tatu, mana ikiwa ndiyo nishati ya kulipia kila kitu katika mchezo huu. Anapoingia mezani unaweza kumbandika stika ya jina, na kwa kila irabu tofauti iliyomo ndani ya stika hiyo unapata mana moja nyekundu. Karata yenyewe inakukumbusha kwamba Y nayo inahesabiwa. Neno lenye irabu nne linakurudishia zaidi ya ulichotoa, na neno lenye irabu tano au sita linakufungulia mlango wa kumaliza mchezo kabla mpinzani hajajipanga. Kwa hiyo wachezaji makini wa Legacy, watu wazima waliokuja kushindania nafasi, walijikuta wakibeba kurasa za stika, wakizichanganya, wakizichagua kwa bahati na kuhesabu irabu. Katika Magic Online, ambako mchezo huo huo huchezwa kwa kompyuta, stika hazikuwekwa. Goblin alibadilishiwa kanuni akawa anarushiwa dadu la pande ishirini. Karata moja ikawa na tabia mbili, kutegemea kama umekaa mezani au mbele ya kioo.

Tarehe 13 Mei 2024, kampuni ilipiga marufuku katika Legacy, Vintage na Pauper (mfumo wa karata za daraja la kawaida tu) karata zote zinazoleta stika au vivutio. Saw in Half na wenzake walibaki. Mstari uliochorwa siku hiyo haukutenganisha kinachochekesha na kisichochekesha. Ulitenganisha kile unachoweza kukicheza kwa karata zako tu na kile kinachokudai ubebe mkoba wa pili.

Hapo ndipo ninapoona kosa la pande zote mbili. Swali lililoulizwa Renton wakati wa kugawa alama za tunda la mwaloni lilikuwa kama kanuni zinaweza kuibeba karata hii, na kanuni za Magic, zilizoandikwa kwa mamia ya kurasa, zinaweza kubeba karibu chochote ukizipa muda. Halikuulizwa kwa uzito ule ule kama meza itaibeba: kama mwamuzi wa mashindano ataweza kukagua kurasa kumi za stika za kila mchezaji, kama mgeni atajua anapaswa kuja na nini. Mashabiki nao, waliokuwa na nafasi nzuri ya kuuliza hilo kwa kuwa meza ni yao, walitumia miezi wakibishana kuhusu sura, kuhusu heshima ya mchezo, kuhusu nani ana moyo mkunjufu na nani hana. Waliosema "msinilazimishe" walikuwa wamelishika jambo lenyewe. Walipotakiwa kusema ni nini hasa wanachokataa kulazimishwa, wakanyoosha kidole kwa wanasarakasi.

Kuna jibu moja ambalo watetezi wa Unfinity hulitoa, nalo linastahili kusikilizwa, kwamba karata moja yenye kasoro si hoja dhidi ya toleo zima, na kwamba matoleo ya kawaida nayo hutoa karata zinazopigwa marufuku kila mwaka. Ni kweli. Lakini karata ya kawaida inapopigwa marufuku huwa imezidi nguvu, na nguvu ni jambo ambalo kila mshindani amelikubali anapojiandikisha. Vivutio vingi havikuwa na nguvu yoyote ya kutisha katika Legacy, na bado viliondolewa pamoja na stika, kwa sababu usumbufu ulikuwa umejengwa ndani ya kifaa chenyewe.

Tangu Oktoba 2022 halijatoka toleo kamili jingine la mzaha. Vichekesho havikuisha, vimehamia kwenye karata zinazoigiza rasimu za wabunifu, zilizochapwa kwa makusudi zionekane kama zimebandikwa karatasi na kuandikwa haraka haraka, ambazo zilianza mwaka 2019 katika Mystery Booster na kurudi katika toleo lake la pili mwaka 2024. Si halali mashindanoni, na hakuna anayehitaji kuinama ili alijue hilo. Miongoni mwake zipo za kipuuzi kuliko chochote kilichokuwamo ndani ya Unfinity, na mapokezi yake yalikuwa tulivu kwa kulinganisha. Anayezitaka katika Commander anawaomba wenzake watatu kabla ya kuchanga karata, na wakikataa anabadilisha fungu.